Kwa Msaada wa Mkalimani

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi ofisi. Nilikabidhi kabati la chuma lenye mlango mmoja unaofunga na mwingine usiofunga wala kufunguka bila teke, pikipiki, mhuri, filimbi ya kupangia vikundi vya ngoma, redio kaseti isiyo na mfuniko wa betri, na rejesta ya wasanii wa wilaya. Jovitha, aliyepokea kiti changu, alikagua kila kitu kwa kalamu nyekundu, akasaini, kisha akaniomba kwa adabu niandike kurasa chache za uzoefu kwa ajili ya vijana wa idara. Nadhani alitarajia mambo ya kupanga ratiba za sherehe na namna ya kuwanyamazisha wanakwaya kabla ya hotuba. Hayo nayajua. Lakini nimekaa kuandika nikiwa na hasira, na hasira ikishika kalamu haiandiki ratiba.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Kwa lugha ya ofisi maana yake nimeamua kuwapisha wengine. Kwa lugha ya nyumbani maana yake goti limeikataa pikipiki.

Nilifika kazini mara ya kwanza na shahada ya sanaa, viatu vya kamba, na imani kwamba nimeletwa kuwafundisha Wanyambo utamaduni wao. Mimi mwenyewe ni Mnyambo wa Nyabiyonza, ila nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma huwatazama watu wa kwao kwa mbali hata akiwa ameketi nao. Masjala ilikuwa chini ya mama mmoja aitwaye Agripina, karani aliyekuwa ameona maofisa utamaduni wanne wakija na kuondoka. Niliingia nikasimama, nikisubiri anisalimie kama bosi. Naye akasubiri. Tulisubiriana mpaka mhudumu wa chai akaanza kucheka.

"Shikamoo, mama," nikasema hatimaye.

"Marahaba. Sasa unaweza kukaa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba ofisa hali kabla wacheza ngoma hawajala, kwa sababu wao ndio watakaoruka. Alinifundisha kuweka filimbi mfukoni, maana spika hufa na betri hufa lakini pumzi ipo. Na siku nilipopangiwa mkutano wangu wa kwanza wa hadhara, alinitazama juu ya miwani akauliza, "Umempitia Klementi?"

"Klementi ni nani?"

"Ukienda na mgeni rasmi kijijini bila Klementi, bwana, mgeni wako atakuwa anaongea na migomba."

Klementi Rwabutogo alikuwa mkulima wa Chonyonyo mwenye kibanja cha migomba na kahawa kama jirani zake wote. Aliishia darasa la nne. Kazi yake nyingine, isiyokuwa kwenye muundo wowote wa utumishi, ilikuwa kugeuza. Huku kwetu watu hawasemi kutafsiri. Wanasema kugeuza, kama mtu anavyogeuza ndizi kwenye makaa ili upande wa pili nao uive. Miaka hiyo wazee wengi, na kina mama karibu wote, walijua Kiswahili cha sokoni, si kile cha maofisini. Mgeni akija kuhutubia, Klementi alisimama hatua moja nyuma ya bega lake la kushoto, kofia mkononi, akigeuza kila sentensi kuwa Kinyambo.

Kusema aligeuza tu ni kumpunja. Mgeni angeweza kusema sentensi fupi kuhusu unyonyeshaji, Klementi akaizungusha dakika nzima, akaingiza mkwe, mbuzi na jirani mchoyo, na mwisho wake kina mama walikuwa wanafuta machozi ya kicheko na hakuna aliyesahau kuhusu maziwa. Siku nyingine ilikuwa kinyume. Namkumbuka ofisa mmoja aliyesoma karatasi kwa robo saa kuhusu mkakati shirikishi wa usafi wa mazingira. Alipomaliza akamgeukia Klementi. Klementi akawatazama watu.

"Anasema chimbeni vyoo," akasema. "Mengine ni salamu."

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Ofisa naye akacheka, akidhani ni takwimu zake.

Watu walitembea kutoka Rugu mpaka upande wa Kyerwa kumsikiliza. Tulipopeleka tangazo la mkutano, swali la kwanza halikuwa nani anakuja, lilikuwa nani anageuza. Kina mama waliigiza sauti yake kisimani. Kwenye soko la Omurushaka hakuweza kununua chumvi akaondoka. Lazima asimamishwe, ashikwe mkono, aombwe arudie lile la vyoo. Umaarufu wake ulikwisha mpakani mwa mkoa, tena nadhani ulikwisha kabla ya hapo. Lakini ndani ya mipaka hiyo, nakuambieni, hapakuwa na mheshimiwa aliyemfikia.

Siku niliyomwona akifanya kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Nkwenda, mnyauko wa migomba ulipoingia. Mtaalamu aliletwa kutoka mbali, kijana msafi mwenye picha za majani ya manjano. Alisema kila shina lenye ugonjwa likatwe, ling'olewe na kufukiwa, hakuna dawa. Wengi walimwelewa kabla hayajageuzwa, kwa sababu alionyesha kwa mkono namna ya kukata. Sasa mtu wa huku kibanja si shamba. Ndiko anakokula, na ndiko babu zake walikozikwa. Mngurumo ulianzia nyuma.

"Mwambie akaanze kwa mama yake!" mtu akapaza sauti. Wengine walikuwa wamesimama, na mapanga hayakuwa mbali.

Nilishika filimbi yangu, mjinga mimi, kana kwamba ni mechi.

Klementi akavaa kofia. Hakuwahi kuvaa kofia akigeuza. Akakaa kimya mpaka nao wakanyamaza.

"Anasema kuna msiba," akaanza, taratibu. "Anasema ukifiwa hulazi maiti kitanda kimoja na watoto. Unalia, unazika, unabaki na waliobaki. Ndivyo anavyosema."

Mtaalamu hakuwa amesema hata moja ya hayo.

"Kwa hiyo tulie kwanza?" bibi mmoja akauliza.

"Lieni. Mimi msiba wangu nimeulilia jana. Nimezika nusu ya kibanja."

Ilikuwa kweli, nilikuja kuona kwa macho yangu. Wiki hiyo Nkwenda walikata. Vijiji jirani, ambako mtaalamu alikwenda na mkalimani mwingine, walimfukuza kwa mawe.

Sasa nifungue faili. Ripoti ya mkutano ule niliiandika mimi. Jina la mtaalamu lina mistari miwili pamoja na shahada zake. Kisha kuna sentensi hii: "Wananchi walipokea maelekezo vizuri, kwa msaada wa mkalimani." Maneno manne. Niliyaandika katika ripoti hiyo na nyingine nyingi mno, tena kwa mwandiko mzuri, nikiona nimetenda haki kwa kumtaja kabisa. Vijana wangu, kama hamtachukua kitu kingine hapa, chukueni hiki: mtu aliyewaokoa ana jina. Liandikeni. Halilipiwi.

Kuna jambo baya zaidi. Asubuhi moja Klementi alikuja ofisini amevaa koti, jambo lililonishtua, kwa sababu koti alilivaa kanisani tu. Alikuwa ameona vyeti vya utambuzi ambavyo vikundi vya ngoma na kwaya vilitundika ukutani. Alitaka kuandikwa kwenye rejesta ya wasanii naye apate chake. Nilifungua rejesta nikasoma safu: ngoma, kwaya, ala za jadi, uchongaji, ususi, maigizo, ushairi.

"Mzee," nikamwambia, "unachofanya ni huduma. Sanaa ni kitu kingine."

"Basi niandike penye mengineyo."

"Hakuna safu ya mengineyo."

Agripina aliacha kupiga chapa. Mimi, mwenye shahada ya sanaa, nikapitisha kidole kwenye ile mistari nikimwonyesha mzee kwamba kweli haipo. Ningeweza kuchora mstari mmoja kwa rula. Rula ilikuwa mezani.

Klementi akacheka kidogo. "Wewe Bwana Utamaduni umesoma vizuri," akasema, akachukua kofia yake. Wiki iliyofuata alikuja kwenye mkutano kama kawaida, akageuza kama kawaida. Agripina ndiye aliyekaa siku tatu bila kuongea nami.

Nilijipoza kwa kumrekodi. Nilijaza kaseti mbili za Klementi akigeuza, uwanja ukicheka nyuma yake. Kisha nikaitwa kwenye semina mkoani, nikakosa kaseti tupu, nikarekodi juu ya hizo hizo. Semina ilihusu kuhifadhi urithi wa utamaduni. Anayetaka kunisikia nikiuliza swali refu kuhusu maana ya neno urithi, kaseti zipo kabatini, nyuma ya ule mlango wa kupiga teke.

Umaarufu wa Klementi haukuuawa na mtu. Shule ziliongezeka, simu zikaja, wajukuu wakawa wanaongea Kiswahili hata na mbuzi. Mkutano wake wa mwisho ulikuwa Omurushaka, uwanja umejaa vijana. Mgeni alisema sentensi, Klementi akafungua mdomo, na kabla hajafika kwenye mkwe na mbuzi wake, sauti ikatoka upande wa kulia: "Tumeelewa! Endelea tu!" Wengine wakaidaka. Tumeelewa, tumeelewa. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na haraka. Aligeuza sentensi mbili zaidi juu ya kelele ile, kisha akaweka maikrofoni mezani polepole, kama mtu anayeweka yai, akaenda kukaa kwenye benchi kati ya kina mama wa chai.

Nilimrudisha Chonyonyo kwa pikipiki. Njia nzima nilitafuta neno la kumpoza. Alinitangulia.

"Wamesoma," alisema nyuma ya mgongo wangu. "Si ndicho tulichokuwa tunawaambia?"

Miaka ikapita. Waliomsikia walizeeka. Waliosikia habari zake kwa wazazi walikuwa na mambo yao. Kisha kikaja kizazi kilichomjua kama mzee fulani wa Chonyonyo mwenye kofia. Nilikuwa nikimtembelea, tunatafuna kahawa barazani, na mkewe, Bibi Paskazia, ananitania kwamba Kinyambo changu kimechakaa kama suruali ya mwalimu.

Alifariki katika wiki yangu ya mwisho ya kazi. Wiki hiyo hiyo alifariki mwigizaji mmoja kijana wa Dar es Salaam. Simtaji, si kosa lake kufa siku hizo. Kundi la simu la ofisi yetu lilikuwa jeusi kwa huzuni. Kila mtu alibadili picha yake, mishumaa ilimiminika, watu ambao hawajawahi kunisalimia asubuhi waliandika kwamba wameshindwa kula. Nami nikaandika: "Nasikitika kuwatangazia kifo cha Mzee Klementi Rwabutogo, mgeuzaji. Mazishi Alhamisi, Chonyonyo." Nilipata majibu matatu. La kwanza: "Pole mkuu." La pili: "Huyu ni nani?" La tatu lilikuwa tangazo la mtu anayeuza mbegu za parachichi.

Nilitukana, nikiwa peke yangu, nashukuru Mungu. Nilitaka kuandika kwamba huyu ni mtu aliyewazuia bibi zenu kumpiga mawe mtaalamu, na kwamba mmekula ndizi kwa sababu yake. Nikaanza, nikafuta. Nilikumbuka kwamba chuoni tulimlilia mwanamuziki mmoja siku mbili, tukanyoa vichwa kwa ajili yake, na juzi juzi binti yangu aliona picha yake kwenye albamu akaniuliza huyu ni babu wa upande gani. Yule mwigizaji naye zamu yake inakuja. Wiki iliyofuata picha za kundi zilikuwa zimesharudi kwenye maua na watoto. Kulijua hilo hakukunipoza hata kidogo. Kulinikasirisha kwa niaba ya watu wawili badala ya mmoja.

Nilifika msibani siku moja kabla ya mazishi. Sebule ilikuwa imetandikwa nyasi za matanga, na Bibi Paskazia ameketi ukutani na wenzake. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Watoto hawajui," akasema kwa Kinyambo. "Walizaliwa akiwa barabarani na nyinyi, wakakua akiwa amekaa. Wanadhani alikuwa mtu wa kukaa. Wewe ulikuwa naye. Kesho utasema."

"Nitasema, mama."

Nikaingizwa kwenye ratiba: Neno la rafiki, dakika tatu. Usiku ule niliandika, nikafuta, mpaka zikawa dakika tatu kamili.

Mazishi yalihudhuriwa vizuri, kwa sababu isiyofaa. Mtoto mmoja wa marehemu ana kazi kubwa Mwanza, kwa hiyo alikuja mheshimiwa. Cheo chake sikisemi. Alikuwa mgeni katika mkoa, amepangiwa kazi huku miezi michache kabla. Maturubai mawili yalisimamishwa kwenye kibanja, moja la meza kuu na jingine la ndugu. Wazee waliomsikia Klementi enzi zake, waliotoka Nkwenda na Rugu kwa fimbo zao, walikaa nyuma, juani, kwenye majani ya migomba.

Wasifu ulisomwa na mjukuu, mwalimu wa sekondari, kutoka kwenye simu. Marehemu alizaliwa Chonyonyo. Alisoma hadi darasa la nne. Alikuwa mkulima na mcha Mungu. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi. Nilimtazama Bibi Paskazia. Alikuwa anatazama midomo ya mjukuu wake, akisubiri inayofuata.

Nikatoa karatasi yangu. Mshereheshaji akatazama saa, akatazama meza kuu.

"Ndugu waombolezaji, kutokana na muda, na mheshimiwa ana shughuli nyingine, neno la rafiki tutalichukulia kuwa limesemwa."

Limechukuliwa kuwa limesemwa! Nimekuwa mtumishi wa umma miaka yote hiyo, nimechukulia mihutasari mingi kuwa imesomwa, na sikujua kwamba inaweza kufanywa kwa mtu. Nilibaki nimesimama nusu, karatasi mkononi, kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mheshimiwa akaanza. Alimsifu mtoto wa Mwanza. Kisha akahamia kwenye fursa, uwekezaji, mazingira wezeshi. Jeneza lilikuwa mbele yake na hakuwa amelitaja. Baada ya dakika kama kumi, kutoka nyuma, juani, mzee mmoja kutoka Nkwenda aitwaye Barongo, ambaye macho yake yamekwisha, akapaza sauti kwa Kinyambo:

"Nani anamgeuza huyu?"

Wale wazee, mmoja baada ya mwingine, wakageuza shingo wakatazama jeneza.

"Wanasemaje?" mheshimiwa akamuuliza mshereheshaji.

"Wazee wanaomba mkalimani, mheshimiwa."

"Aa, bila shaka, bila shaka. Nani anajua lugha?"

Kabla mtu hajajibu, Bibi Paskazia alikuwa amenyoosha kidole. "Bwana Utamaduni. Simama ugeuze."

Nikaenda nikasimama hatua moja nyuma ya bega la kushoto la mheshimiwa. Sikuwa na kofia. Nikashika karatasi yangu.

"Serikali imejipanga," akasema mheshimiwa, "kuhakikisha mkulima ananufaika na mnyororo mzima wa thamani wa zao la kahawa."

Niliwatazama wale watu juani. Naapa sikuwa nimepanga.

"Anasema," nikasema kwa Kinyambo, "aliyelala hapa ndiye aliyekuwa anawageuza watu kama huyu. Anasema alisimama Rugu siku ya mnyauko, watu wakiwa wameshika mapanga, akavaa kofia."

"Haikuwa Rugu!" mama mmoja akafoka. "Ilikuwa Nkwenda! Rugu ilikuwa chanjo!"

"Anasema samahani, ilikuwa Nkwenda."

Kicheko kikapita kwenye majani ya migomba. Mheshimiwa akakiona, akatabasamu, akapata nguvu. Alisema kuhusu vijana na mikopo. Nikageuza habari ya vyoo, na sikufika mwisho, nyuma walimalizia wenyewe kwa sauti moja, "Mengine ni salamu!" Alisema kuhusu miundombinu. Nikageuza siku ya Omurushaka, maikrofoni ilivyowekwa mezani, na hapo hakuna aliyecheka. Nilipokosea neno, na nilikosea mengi, walinirekebisha kwa ukali. Mama mmoja akasimama akaigiza sauti yake, ile ya polepole, na Barongo asiyeona akageuza uso upande ule haraka, kama mtu aliyeitwa.

Kwenye meza kuu, katekista, ambaye ni mtu wa huku, alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yanatikisika. Mtoto wa Mwanza alikuwa ameacha kumtazama mheshimiwa. Yule mjukuu aliyesoma wasifu alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Naona tunaelewana sana!" mheshimiwa akasema, akaongeza dakika kumi. Nilizitumia zote. Mwisho akasema, kwa sauti ya kufunga, "Tuzidi kushirikiana."

"Na mimi, Bwana Utamaduni," nikageuza, "anasema mzee huyu alikuja ofisini kwangu na koti, akaomba aandikwe, nikamwonyesha kwamba hakuna safu. Anasema rula ilikuwa mezani."

Hakuna aliyenirekebisha hapo.

Baadaye mheshimiwa alinishika bega. "Wananchi wa huku wana uelewa wa hali ya juu," akasema. "Tena wana hisia. Sijawahi kupokelewa hivi." Nikamwambia ni kwa msaada wa mkalimani.

Jovitha, ambaye ametoka Singida na hajui Kinyambo, naye alikuwa amekuja mazishini, na aliniuliza tukirudi kwa pikipiki, "Mkuu, mheshimiwa alisema nini pale kilichowaliza?" Nilimweleza njia nzima, tangu tulipopita Omurushaka mpaka ofisini Kayanga. Tulipofika akaenda kabatini, akaupiga teke ule mlango, akaniletea rejesta na rula.

Kwa hiyo, vijana, mkifungua rejesta mtakuta ukurasa wa mwisho una safu iliyochorwa kwa mkono, imepinda kidogo. Imeandikwa: Kugeuza. Chini yake lipo jina moja. Msiifute, na msiiache na jina moja. Nendeni Rugu, nendeni Nkwenda, muulize nani mwingine, upesi, maana wanaojua wanakaa juani nyuma ya maturubai na hawataitwa kwenye maikrofoni. Bado nina hasira na kundi la simu, na mshereheshaji, na ratiba, na dakika tatu. Ile niliyo nayo kwa mwenye shahada ya sanaa nimeamua kustaafu nayo.

Ijumaa, mhuri ukiwa bado wangu mpaka saa tisa na nusu, nilisaini cheti cha utambuzi. Ndicho cha mwisho nilichosaini. Nilikipeleka Chonyonyo mwenyewe, goti likilalamika njia nzima. Nyasi zilikuwa bado sebuleni. Bibi Paskazia alinipa kahawa ya kutafuna, akafuta mikono kwenye khanga, akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama mhuri kwa muda.

"Nisomee," akasema, akinirudishia.

Nikasoma: "Cheti hiki kinatolewa kwa Klementi Rwabutogo, kwa kutambua mchango wake uliotukuka katika kuendeleza sanaa na utamaduni wa jamii." Nikasoma na tarehe, nikasoma na cheo changu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, akitazama midomo yangu.

"Haya," akasema. "Sasa geuza."